Maziwa ya Siku Tatu

Dar es Salaam
6 Novemba 2024

Bibi yangu Bi Mize,

Nakushika miguu kutoka huku mbali, na salamu za amani zikufikie hapo Ole, Pemba, pamoja na wote waliomo nyumbani.

Utashangaa kupokea barua kwa mkono wa Nyange, anayesafiri kuja huko, ilhali mimi nina simu. Simu yangu, mume wangu Suhail anaijua namba ya siri, na hunijibia hata ujumbe wa sauti nikiwa jikoni. Yako nayo wajukuu huiweka spika, nyumba nzima ikasikia. Hili sitaki hata ukuta ulisikie. Nyange nimemwambia ni dawa ya mgongo, asimkabidhi mtu ila wewe.

Unakumbuka mwaka jana nilipokuja kulipiga picha daftari lako la ukunga, ukanicheka kwamba nimesoma mpaka chuo kikuu ili nije kusoma habari za watoto wachanga? Kazi yenyewe nikueleze tena, maana leo ndiyo inayoniumiza. Wakunga wanaondoka mmoja mmoja, na habari za nani alimnyonyesha nani zinaondoka nao. Tulitaka vijana wanaotaka kuoana waweze kuuliza kwanza, wasije wakaoana ndugu wa kunyonya bila kujua. Kwa hiyo tumeifundisha kompyuta mambo mawili. La kwanza ni maana: mama ni nani, mtoto ni nani, mnyonyeshaji ni nani. Wenyewe tunaiita ontolojia. Hiyo huwapanga watu vizuri, lakini haiwezi kumfuata mtu mpaka kwa mtu wa pili na wa tatu huku ikihesabu na umri. Ndipo tukaiongezea la pili, kanuni: ikiwa mwanamke fulani alimnyonyesha mtoto fulani kabla hajatimia miaka miwili, na ikiwa mwanamke huyo ana mtoto wake wa kumzaa, basi hao wawili ni ndugu. Ukiyaunganisha mawili haya, mashine hutoa yenyewe mambo ambayo hakuna mtu aliyeiandikia.

Kanuni zetu zina adabu moja: hazimgusi asiye na jina. Na daftari lako limejaa wasio na jina, kwa sababu kwetu mtoto hapewi jina mpaka siku ya saba, nawe ulikuwa ukiandika siku ya pili, ya tatu. "Mtoto wa fulani, wa kike." Mwaka mzima watoto hao walikaa kimya ndani ya mashine. Wiki iliyopita nikaona ni uchafu, nikakaa kuwapa majina kwa kulinganisha mama na mwaka. Nilikuwa na haraka, sikuwa nasoma, nilikuwa nabandika tu. Jumaatatu nikaiamuru itoe hitimisho. Ikatoa jozi mia mbili na kumi na sita za ndugu wa kunyonya. Jozi ya mia na tisini nimo mimi.

Ni ukurasa wa kumi na nne, Bibi. "Mfungo Sita, tarehe 4, 1416. Mtoto wa Mardhiya, wa kike, siku ya pili. Mama kachukuliwa hospitali. Kwa Bimkubwa, siku tatu." Mardhiya aliyezaa Ole mwaka ule, ndio 1995, ni mama yangu peke yake, Mungu amrehemu, na mtoto wake ni mimi tu. Na Bimkubwa ni mama yake Suhail, aliyekuwa jirani yenu kabla ya kuhamia Vitongoji. Suhail mwenyewe alikuwa bado ananyonya. Mashine imeandika: Shamima ni dada wa Suhail.

Nina mimba ya miezi minne. Tangu Jumaatatu nalala mkekani, namwambia mume wangu kwamba mgongo unauma. Kila akinigusa bega najikunja, kisha najichukia kwa kujikunja.

Tarehe 15 Januari mashine inafunguliwa Chake mbele ya masheha na wazee. Suhail anasema siku hiyo yeye atakuwa wa kwanza kuandika majina yetu wawili, watu wacheke.

Niambie kitu kimoja tu. Nilinyonya mara ngapi? Kanuni niliyoiandika inatosheka na kunyonya kokote. Niliiandika hivyo kwa tahadhari, nikasema hesabu nitaiongeza baadaye. Lakini madrasa tulifundishwa kwamba ni mara tano. Wewe ulikuwepo. Naogopa, Bibi. 

Mjukuu wako,
Shamima Jaribu


Ole
Tarehe 16 Mfungo Nane 1446 (18 Novemba)

Mjukuu wangu Shamima,

Nimekupokea. Dawa ya mgongo! Nyange kanikabidhi mbele ya watu watano, na wote sasa wananiuliza mgongo wangu una nini.

Hebu tulia. Mimba haitaki moyo wa mbio. Mama yako nilimzalisha mie kwa mikono hii, ulitoka ukiwa na hasira, na naona hazijakwisha.

Zilikuwa nne. Soma tena: nne.

Sisi wakunga wa hapa tulikuwa na desturi yetu, niliyofunzwa na bibi yangu. Mtoto akikosa mama, tunamtafutia jirani mwenye maziwa, na mkunga anakaa pale pale kuhesabu. Kila mtoto akinyonya mara moja, anafunga punje moja ya karafuu kwenye pindo la kanga. Zikifika punje nne, jirani anafunga kifua, tunatoa kikombe cha maziwa ya mbuzi na kijiko, hata mtoto alie mpaka makuti yatikisike. Kwa nini? Kwa sababu jirani ndiye mtu wa kuoana naye. Ukimwacha mtoto wa kike anyonye kila nyumba, miaka ishirini mbele mtaa mzima ni ndugu, na mabinti zetu tuwaoze nani, minazi?

Bimkubwa alikupa nne, siku ya kwanza, mbele ya macho yangu. Zilizobaki ulikula kijiko, na ulikikunjia uso kama unavyokunjia watu mpaka leo.

Hiyo mashine yenu imekuwa kama mtoto aliyehitimu juzuu moja akaanza kutoa fatwa. Iambie tano. Kisha urudi kitandani kwa mumeo, na usiandike tena barua ya kunipandisha presha.

Bibi yako,
Mize


Dar es Salaam
27 Novemba 2024

Bibi yangu,

Nilipoisoma ile nne nililia ofisini, wenzangu wakadhani nimefiwa. Siku ile ile nikarudi kitandani. Suhail akasema mgongo umepona ghafla, nikamwambia ni dua zako.

Kisha nikabadilisha kanuni, nikaweka tano. Jina langu likatoweka kwenye orodha. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye raha, lakini kazi yangu ninaijua. Mashine hii isichokijua haikikanushi. Ikinyamaza, maana yake ni "sijaambiwa", si "hapana". Mtu yeyote angeweza kuja kesho na neno jipya, ikasema ndiyo. Ili iseme hapana, ilinibidi niiandikie hesabu ya mara nne, pamoja na shahidi aliyekuwepo siku zote tatu. Nikakuandika wewe.

Ikakataa. Ikasema maneno yangu yanapingana. Tuna kanuni nyingine tuliyoiweka ili kukamata makosa ya tarehe: mtu mmoja hawezi kuwa shahidi mahali pawili siku moja. Nikadhani nimekosea kuandika, nikarudi kwenye picha za daftari. Sikukosea. Nyuma kabisa, kwenye zile kurasa za pacha ulizozitenga na watoto wengine, umeandika: "Kisiwa Panza. Pacha wa kiume. Mfungo Sita, tarehe 5 na 6, 1416." Mwandiko ni wako na wino ni ule ule.

Kutoka Panza mpaka Ole siyo mwendo wa kwenda na kurudi mara tatu kwa siku. Ulinihesabia siku ya kwanza, Bibi, nakuamini. Siku ya pili na ya tatu, nani alihesabu?

Nimerudi mkekani. Sasa hata kumwambia mgongo naona aibu, namwambia joto.

Shamima


Ole
Tarehe 7 Mfungo Tisa (9 Disemba)

Shamima,

Barua yako haikunipendeza. Nina miaka themanini na mbili, nimezalisha Ole nzima, na hakuna aliyewahi kunishika uongo mpaka hicho chombo chako. Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nikaona kwamba si hasira, ni hofu.

Walikuja kunichukua baada ya Adhuhuri. Kule Panza mtoto mmoja alikuwa keshatoka na wa pili kakaa vibaya. Ningekataa wangekufa mama na mtoto. Nikakuacha kwa Bimkubwa na kikombe na kijiko, nikamwapisha kwa jina la Mungu kwamba hatakuweka kifuani tena. Sikurudi mpaka kesho yake Alasiri.

Nilikukuta umelala, tumbo limejaa. Kikombe kilikuwa dirishani. Kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni, maziwa yameganda, na kijiko kikavu.

Nilikiona, Shamima. Bimkubwa akanitazama, nami nikatazama kile kikombe, wala hakuna aliyemuuliza mwenzake. Nikakimwaga nje. Kwenye kanga yangu mlikuwa na punje nne, nikaziacha nne. Ndiyo sababu niliandika siku, sikuandika mara. Mkono ulikataa. Na ulipoolewa nilijiambia kwamba Bimkubwa, kwa dini yake ile, angekuwa na la kusema angelisema. Pengine kikombe alikijaza upya. Pengine.

Nimemwendea Shehe Haroub, nikamuuliza bila kutaja majina. Kasema hesabu ikiwa na shaka, asili ni kwamba haikutimia, na shaka haivunji ndoa. Basi ishike shaka hiyo, mjukuu wangu, ishike kwa meno. Mvue jina yule mtoto kwenye mashine, arudi kuwa mtoto wa Mardhiya tu, kama nilivyomwandika. Wala usimuulize Bimkubwa. Ukiuliza utajibiwa, na ukishajibiwa shaka haipo tena.

Naogopa kuingia kaburini na jambo hili. Lakini naogopa zaidi kukuona unashuka hapo njiani na begi na tumbo.

Mize


Dar es Salaam
17 Disemba 2024

Bibi,

Jana nilimvua jina yule mtoto. Haikuchukua hata dakika. Mashine ikawa haina habari yoyote juu yangu, na nikakaa mbele yake nikijua peke yangu. Kisha nikawafikiria wale wengine wa kurasa zako, wasichana wa watu, ambao majina yao nimeyaacha. Nikimficha mmoja kwa kuwa ni mimi, wale waliobaki nimewafanyia nini? Baada ya saa moja nikamrudishia jina. Nikalivua tena. Sasa sikumbuki nililiacha vipi, na naogopa kufungua nitazame.

Shehe wako anajua la kufanya na asilolijua. Mashine haijui. Nami nimekaa kati yao, sili, silali.

Lakini nimeandika kwa jambo jingine, la haraka. Suhail ameuona mkeka siyo wa joto. Anadhani nimeudhika na mama yake kwa yale maneno ya kabla ya harusi. Unayajua: alinikataa mara tatu kwa sababu babu yangu alikuja kutoka bara kuchuma karafuu. Mume wangu, bila kuniambia, kampigia mama yake simu, kamtaka aniandikie kwa mkono wake aniombe radhi. Jana kanipa habari hiyo huku anatabasamu, anangoja nishukuru. Mama kakubali. Kasema ataandika.

Ataandika nini, Bibi? Nenda Vitongoji, nakuomba. Mzuie. Mwambie nimesamehe yote, hakuna deni la maneno kati yetu. Mwambie chochote, ila asiandike.

Shamima


Vitongoji
28 Disemba 2024

Shamima,

Suhail kanitaka nikuombe radhi. Nitakuomba, lakini si kwa hilo analolidhani.

Bi Mize alikuja hapa Ijumaa na fimbo yake, kaja kunizuia nisikuandikie. Mtu wa umri ule hapandi gari mbili kuja kuzuia salamu. Alipokuwa ananizuia ndipo nilipojua kwamba unajua. Tukalia wote wawili, kisha nikampikia chai akaondoka.

Naandika mwenyewe. Kusoma nimejifunzia ukubwani, na hili siwezi kumpa mtu aniandikie. Nivumilie herufi zangu.

Ulilia. Bi Mize aliondoka baada ya Adhuhuri, ukalia mpaka Alasiri. Kijiko ulikitema. Nilikuwa nampa Suhail titi, na kwa kilio chako maziwa yakawa yanatoka yenyewe upande wa pili, nguo imelowa. Nilikuwa nimeapa. Nikaenda kisimani ili nisikusikie, nikakusikia huko huko. Nikarudi nikakuchukua. Ulinyonya mpaka ukaachia mwenyewe. Hiyo ndiyo ya tano. Baada ya hiyo sikuhesabu tena. Nilikunyonyesha mpaka kesho yake, kila ulipotaka.

Nikahama kabla hujapewa jina. Miaka ikapita. Suhail alipokutaja, sikujua kwamba ni wewe. Nilisikia tu baba yako ni Jaribu, nikakukataa kwa kiburi, na hilo nisikufiche, ni kweli. Nilisema babu yako alikuja Pemba na gunia begani. Nilisema mengi. Ndugu zangu walinisikia, mtaa ulinisikia.

Mara ya tatu ndipo mtu akanitajia kwamba wewe ni mtoto wa Mardhiya wa Ole.  Nikamwita Suhail hapa barazani, wiki mbili kabla ya nikaha, nikamwambia: "Mwanangu, huyu ni dadaako. Nimemnyonyesha mie." Akacheka. Akasema, "Mama, jana ubara, leo maziwa. Kesho utaniletea nini?" Nikamwapia. Akanyamaza kitambo kirefu, hakucheka tena. Kisha akasema nikilitamka neno hilo mbele ya mtu mwingine yeyote, hatakanyaga kwangu mpaka nife.

Nani angeniamini? Nilikwisha sema maovu mengi, kweli ilipokuja haikupata pa kukaa. Na nina mwana mmoja tu. Nikaogopa kumkosa, nikanyamaza, nikala pilau ya harusi yenu.

Hilo ndilo ninalokuomba radhi. La kunyonya sikuombi, maana ulikuwa unalia.

Bimkubwa


Vitongoji
6 Januari 2025

Suhail,

Nimeondoka juzi ukiwa kazini. Niko kwa mama yako. Usimlaumu, hakuniita. Barua yake nimekuachia kitandani, na hii nimempa Nyange akuletee mkononi, kwa hiyo ukifika hapa kwenye mstari huu umekwisha isoma ile.

Alhamisi baada ya Alfajiri tunakwenda kwa Shehe Haroub: mimi, mama yako na Bi Mize. Bi Mize amekubali kusema alichokiona, na mama yako atasema alichokifanya. Kupima ni juu ya Shehe. La mtoto keshatuambia: hana kosa lolote, na ni wako kwa jina na kwa urithi, kwa kuwa ndoa ilifungwa kwa kutojua.

Hapo kwenye kutojua ndipo nilipokwama. Mimi sikujua. Wewe je?

Tangu nisome barua ya mama yako nimekuwa nikirudia maneno yako. Kila wiki ulikuwa unaniuliza daftari la Ole nimefika ukurasa wa ngapi, nami nikafurahi kwamba unaipenda kazi yangu. Niliposema nawapa majina wale wachanga, uliacha kula. Nilidhani samaki hakukupendeza. Na ule mzaha wa kuwa wa kwanza kuandika majina yetu, sasa nauona vingine. Ulitaka kuwahi kabla ya mtu mwingine, uone mashine inasema nini.

Kama hukumwamini mama yako, njoo uliseme hilo mbele yake, nami nitakuamini. Kama ulimwamini hata kidogo, hata kwa kile kitambo ulichonyamaza barazani, basi miaka miwili ulinilaza ubavuni mwako ukiwa na neno hilo kifuani, asubuhi unaniuliza nimeamkaje. Hilo Shehe hawezi kulipima, na mimi sina kanuni yake.

Jana mama yako alinipikia uji, akanisimamia mpaka nikamaliza bakuli.  Nilikuwa kichwa wazi, akanisuka.

Nilikuwa nadhani linaloniogopesha ni Shehe kusema ndiyo, tuachane. Usingizi haukuja, nikalifikiria mpaka mwisho, nikaona siyo hivyo. Akisema ndiyo hutakuwa mtu baki kwangu, utakuwa kaka yangu. Utaingia hapa wakati wowote, utanikuta kichwa wazi, utakaa, utakula kwenye sinia moja nami, utamwona mtoto wako ananyonya, na hakuna atakayekuwa na haki ya kukuambia utoke. Kila Idi utakuja. Mama yako akifa tutamlilia pamoja. Watu wakiachana, Suhail, kila mmoja huenda zake. Sisi hatutapewa hata hilo.

Usinipigie simu. Njoo Alhamisi.

Shamima